Jezi Zenye Ushungi

Marahaba, wanangu. Naitikia mapema kwa sababu nawajua: mtaingia na simu mkononi, mtaniuliza jezi ya nchi gani ilipendeza kuliko zote katika Kombe la Dunia, na salamu mtaikumbuka mkishafika mlangoni mnaondoka. Mimi ni Bi Zuwena wa Mpendae, hapa Unguja. Nimeshona jezi za mpira tangu sijaolewa, mpaka mume kafa na magoti yakakataa kukanyaga cherehani. Mpira wenyewe sijapata kuucheza hata siku moja. Kuotea nimeelezwa mara mia, na mpaka leo mtu akiniuliza natikisa kichwa kama ninayejua.

Aliyenifundisha ni Bwana Ratilal, Mhindi wa Mkunazini. Alikuwa fundi wa suti, ila wavaaji wa suti walikuwa wachache na timu za mpira zilikuwa nyingi, basi akamezea. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa jezi ya kipa wa timu moja ya Mtoni. Nikapima kifua, mabega na shingo. Shingo ndiyo niliyojivunia, niliikata duara safi kama kisahani cha kahawa. Kipa mwenyewe bonge la mtu. Akaja kuijaribu dukani, ikamwingia mpaka puani, ikagoma. Kushuka haishuki, kupanda haipandi. Akaanza kuzunguka duka zima anapapasa, kaangusha pasi ya mkaa, kamkumbatia mteja wa kike aliyefuata vifungo. Bwana Ratilal akamshika, akapenyeza mkasi, akaipasua kola taratibu kama anafungua dafu. Kichwa kikatoka chekundu.

"Zuwena," akaniambia, "shingo ulipima?"

"Nilipima, Bwana."

"Na kichwa?"

"Kichwa hakivai jezi."

"Hakivai, lakini kinapita. Fundi anayepima mahali nguo inapokaa tu, bila kupima inapopitia, huyo anashona mtego."

Yule mteja wa vifungo hakurudi tena.

Sasa hayo ya Kombe la Dunia. Nyinyi mnaona jezi kwenye simu kabla haijavaliwa. Sisi tulikuwa tukiziona mashindano yakishapita. Kijana analeta kipande cha gazeti kimefungiwa njugu, picha nyeusi na nyeupe, anasema, "Bi, nishonee hii." Rangi gani? Hajui. Nimewashonea watu jezi za nchi kwa rangi ambazo nchi zenyewe hazizijui. Kwanza zilikuwa za pamba, zina kola na mikono mirefu, zikiloa mvua zinamvuta mchezaji chini kama mzigo wa karafuu. Zikaja kaptula fupi, Mungu atusamehe, mchezaji akiinama waungwana walikuwa wakitazama mawinguni. Halafu ikaingia nailoni na mapana, jezi za maua na michirizi, mtu mmoja anaingia na nduguye. Hizo nilizishona kwa vitambaa vya mapazia na hakuna aliyejua tofauti.

Wakroeshia walipotoka na ile ya mirabaraba mikubwa, nyekundu na nyeupe, vijana wa hapa hapa Mpendae wakaitaka. Kitambaa kama kile sikukipata mji mzima isipokuwa cha kufunikia meza. Nikakishona. Siku ya mechi, kila wakipata mpira, mashabiki wa upande wa pili wanapiga kelele, "Lete chai! Na mkate!" Walifungwa. Nahodha akaja kunilaumu mimi. Nikamwambia mbona meza yangu nyumbani inavaa kitambaa hicho hicho na haijafungwa hata siku moja.

Na Kameruni je? Walikuja na jezi isiyo na mikono, baadaye wakaja na jezi na kaptula vimeshonwa kitu kimoja, mwanamume mzima na misuli yake kavaa kama mtoto wa siku arobaini. Wakubwa wa mpira wakazikataa. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nikasema fundi gani huyu anashona nguo bila kuuliza sheria?

Kicheko hicho nimekilipia, na kisa chake ndicho nilichotaka kukusimulieni.

Nilikuwa nshaanza kuzeeka alipokuja Patima, kocha wa timu ya wanawake ya visiwa vyetu. Walialikwa mashindano ya timu za nchi jirani, na safari hiyo yanachezwa hapa hapa Unguja. Wafadhili walikuwa wameleta vifaa. Akamwaga mfuko juu ya meza yangu: jezi za kiume, mabega yanafika kwenye viwiko, na kaptula kumi na nane, nyeupe, nyepesi, zinaonyesha mpaka nia ya mtu.

"Hizi za nani?" nikauliza.

"Zetu."

"Mtazivaa?"

"Bi Zuwena, tukizivaa hizi, hata mama yangu mzazi hatokuja uwanjani, na yeye ndiye shabiki wetu pekee."

Suruali ndefu za kubana niliona naweza, na jezi nitazikata upya. Lakini shida yake kubwa ilikuwa kichwa kimoja. Alikuwa na mchezaji anaitwa Riziki, wa Paje, mguu wake Patima aliusifu kama watu wanavyosifu sauti ya msomaji wa Kurani. Binti huyo na mama yake wanalima mwani. Baba yake, Mzee Simai, ni mwashi, amejenga nusu ya hoteli za pwani ile. Mwezi mmoja kabla, katika mechi ya kirafiki kijijini kwao, upepo ulimvua Riziki ushungi mbele ya kijiji kizima, na pini moja ikamchana beki wa watu shavu. Baba akasema basi. Na Riziki, tangu siku hiyo, nyumbani hazungumzi.

Tukaenda Paje mimi na Patima. Nilikuwa na futi ya kupimia shingoni, na ushungi wa mfano kwenye mkoba. Mzee Simai alitupokea vizuri, tukaletewa madafu. Nilitegemea mtu mkali. Kumbe mpole, mikono tu ndiyo mikubwa, imejaa mabaka ya saruji.

"Bi Zuwena," akasema, "mimi sina ugomvi na mpira. Ujana wangu nilikuwa winga. Ugomvi wangu mimi ni na upepo."

"Upepo nimekuja kuushona," nikamjibu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijibu watu.

Nikautoa ushungi wangu. Ulikuwa wa kuvaa kwa kupitisha kichwa, hauna pini, na umeshuka mpana mabegani, wa heshima kabisa. Mzee Simai akaupindua akautazama mishono. Akasema, "Twendeni pwani."

Paje mnaijua. Upepo wake Wazungu wanalipa nauli ya ndege kuja kuvutwa nao, wamefungwa tiara, vishada vikubwa kama mapaa ya nyumba. Riziki akavaa. Baba akamwambia, "Kimbia." Hakufika hatua ishirini. Ushungi ulijaa upepo, ukavimba kama andazi, ukamgeukia usoni, binti akaikanyaga miti ya mwani akaanguka. Alipoinuka, ushungi nilikuwa nshauona unaelea baharini. Mzungu mmoja akaufuata na ubao wake, akaturudishia akicheka.

Mzee Simai akaukamua maji, akanipa. "Hii ni tiara, Bi Zuwena. Wauzie hao."

Patima alicheka. Mimi nilicheka kidogo, kwa adabu. Riziki hakucheka. Alikuja karibu yangu, mchanga mpaka kwenye nyusi, akasema kwa sauti ya mtu aliyekaa mwezi mzima hajaitumia:

"Bi, nishonee kisichovuka, kisichotoka kichwani. Sitaki kizuri. Nnataka kisichovuka."

Nilirudi mjini na maneno hayo yakanikera siku tatu. Sisi mafundi tunapenda kusifiwa uzuri, na huyu kaniambia uzuri wangu hautaki. Siku ya nne nikaenda Darajani, nikanunua kitambaa kinachovutika, kile cha nguo za kuogelea. Nikapima kichwa, siyo shingo, hilo nilishalijua kwa gharama ya kola ya watu. Kisha nikafanya jambo nililoliona kubwa kuliko yote niliyopata kufanya na mkasi: nikaushona ushungi kwenye jezi. Kitu kimoja. Unapitisha kichwa, uso unatokea kwenye tundu lake, na ushungi na jezi ni mtu na kivuli chake. Usiku sikulala kwa kujipenda.

Tukarudi Paje. Riziki akavaa, akakimbia na upepo, akakimbia kinyume na upepo, akapiga mpira kwa kichwa. Hakikusogea kitu. Mzee Simai akamwita. Akaushika ushungi kwa nyuma, kwa mikono ile ya kubebea matofali, akauvuta. Haukuvuka. Akavuta tena kwa nguvu. Riziki akakohoa. Haukuvuka.

"Umeushona na jezi?" akaniuliza.

"Umeshonwa. Ushungi ukitaka kuvuka lazima uvuke na jezi, na ikifika hapo hatuna tena kesi ya upepo."

Akacheka, mara ya kwanza. Kisha akawa mzito. "Nipe neno lako kwamba havitatengana."

"Nakupa."

"Na wewe, Riziki?"

"Sitavaa kingine, Baba. Wallahi."

Nikashona kumi na nane. Nilizikunja mwenyewe, nikazipeleka uwanjani mwenyewe siku ya mechi ya kwanza, nikakaa ndani ya chumba cha wachezaji kama bibi harusi anayesubiri kutazamwa.

Akaingia refa. Mwanamke wa nchi jirani, mwembamba, ana kitabu kidogo mfukoni. Akakagua viatu, akakagua masikio kama kuna herini. Alipofika vichwani, akasimama. Akashika shingo ya jezi ya kipa, akaitazama.

"Hii imeshonwa pamoja?"

"Naam!" nikaitikia mimi kutoka kwenye benchi, hata sijaulizwa. "Mshono wa mara mbili. Hata ukimvuta kwa gari."

"Nani huyu?"

"Fundi," Patima akasema.

"Mama," refa akaniambia kwa upole ulionitisha, "hairuhusiwi. Cha kichwani kiwe peke yake, na jezi iwe peke yake."

Nikamwambia hajui anachosema. Nikamwambia mimi nimeshona jezi kabla mama yake hajampata. Akatoa kitabu, akanifungulia ukurasa. Nikasoma. Nikasoma tena, nikitumai herufi zimehama. Ndipo Kameruni na kile kivazi chao cha mtoto mchanga wakanijia kichwani, na mimi nikiwacheka.

"Lakini kwa nini?" nikamuuliza.

"Mtu akivutwa jezi kwa nyuma akiwa mbioni, hicho cha kichwani kinamkaba shingo. Mna nusu saa."

Akatoka. Alisema kweli. Nilikuwa nimepima njia ya kichwa, nikapima upepo, nikapima hofu ya baba wa watu, na shingo ya binti anayevutwa na beki sikuipima.

Mkasi huwa siuachi. Nikaanza kukata. Mjue, wanangu, kushona ni kazi ya siku, kukata ni kazi ya pumzi moja, na kila nilipokata nilisikia kama ninakatwa mimi. Lakini ushungi ukishatengana na jezi haushiki tena, unahitaji lastiki shingoni na kwenye paji la uso. Lastiki nitaitoa wapi? Nikatazama huku na huku, nikaziona zile kaptula za wafadhili, kumi na nane, bado zimo kwenye mfuko wao, hakuna aliyeziheshimu hata kwa kuzitia mguu.

"Leteni hizo!" nikasema. "Leo zitavaliwa kichwani."

Nikazipasua viuno moja baada ya moja, nikachomoa lastiki, kila moja nikaikata vipande viwili. Wachezaji wa akiba wakapokea sindano, Patima akapokea sindano, mpaka daktari wa timu akapokea, na mshono wake ulikuwa mbaya, Mungu amrehemu mgonjwa wake. Sehemu ya chini tuliiacha ndefu ili ichomekwe ndani ya jezi. Ilikuwa haipendezi. Ilikuwa inashika.

Zikabaki jezi chache, na ya Riziki mojawapo. Alikuwa amekaa kwenye kona ameikumbatia.

"Usikate yangu, Bi."

"Mwanangu, bila kukata huchezi."

"Basi nisicheze. Nimemwapia Baba."

"Hata mimi nilimpa neno."

"Wewe utarudi Mpendae," akasema. "Mimi nnarudi Paje."

Nikamwachia Patima mkasi, nikatoka kumtafuta Mzee Simai. Nilijua amekuja, amekuja na waashi wenzake watano, wamekaa jua kali upande wa mashariki. Nikamwita kwenye uzio. Akashuka.

"Mzee Simai, neno langu limekufa," nikamwambia. Nikamweleza yote, refa na kitabu chake, lastiki, na sababu. Sikujitetea. Nilikuwa sina pumzi ya kujitetea.

Wenzake kule juu walikuwa wanatutazama. Akaitazama mikono yake.

"Nilipomvuta pale pwani," akasema, "alikohoa."

"Alikohoa."

"Mimi nikadhani mchanga umemwingia."

"Na mimi nilisikia," nikasema, "nikashughulika na kujisifu."

Ndani refa alikuwa anapuliza filimbi ya kuwaita watoke.

"Huo wa lastiki unaweza kuvuka?"

Ningeweza kumdanganya. "Unaweza. Ukivuka, atauvaa tena."

Akashusha pumzi. "Kata. Na mwambie nimesema mimi, kwa mdomo wangu. Asije akadhani umenizunguka."

Nilikimbia. Mimi, na magoti haya. Nikamwambia Riziki hivyo hivyo, neno kwa neno, na habari ya kukohoa nikamwambia. Kisha akaniwekea jezi mapajani, akainamisha kichwa nipime lastiki. Mshono wake niliushona mimi, na filimbi inatuita, kwa hiyo msiulize ulinyooka vipi.

Mechi sikuiona. Watu elfu walitazama mpira, mimi nilitazama vichwa kumi na kimoja. Mpira ukienda kushoto, mimi niko kulia na kichwa cha beki ambacho lastiki yake alishona daktari. Kipindi cha pili Riziki aliruka kupiga kichwa, ushungi ukarudi nyuma vidole viwili. Nikamshika Patima mkono mpaka akapiga kelele. Riziki akauvuta mbele kwa mkono mmoja, huku anakimbia, wala hakusimama, kama mtu anayefukuza nzi. Dakika chache baadaye uwanja ukalipuka. Nikamuuliza Patima kumetokea nini. Riziki kafunga. Mimi nilikuwa namtazama kipa.

Tukafungwa mbili kwa moja. Wasichana walilia kidogo, wakanywa maji, wakaanza kupigana picha. Mimi nikaelekea kwenye uzio na moyo mzito. Njiani nilikuwa najipangia maneno ya kumwomba radhi mtu niliyemvunjia ahadi. Mzee Simai nikamkuta amesimama mwenyewe, sauti imemkauka, kofia kaikunja mkononi kama kitambaa cha kusafishia vyombo.

"Mzee Simai," nikaanza, "ule ushungi, nnajua uliuona ulivyorudi nyuma, lakini..."

"Ushungi gani?"

Akaugonga uzio kwa ile kofia.

"Bi Zuwena, wewe uliliona lile bao la pili? Uliliona? Yule beki wenu namba nne! Mtu wake anampita, yeye kashughulika kukunja mikono ya jezi! Anakunja, inateremka, anakunja, inateremka! Mechi nzima! Hebu niambie, mikono mirefu namna ile nani kamkatia?"

Nikatazama upande wa milingoti ya goli, nikamwambia kwamba hilo ni la kumuuliza kocha.